Nyumba haibomolewi na mto peke yake

Ndugu msikilizaji, msafiri anayetoka Segera kwenda Tanga mjini hupita Hale, mji mdogo katika Wilaya ya Korogwe, kwenye eneo la mashamba ya mkonge. Hapo Mto Pangani huteremka kwa kasi, na mwaka 1964 kilianza kazi kituo cha umeme kilichojengwa kuwa na uwezo wa megawati 21. Mkazi wa Hale, kwa hiyo, hahitaji kufundishwa kwamba maji yanayoanguka yana nguvu. La kushangaza ni kwamba nguvu hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo, huachiwa ipige kuta za nyumba zetu kila masika, kisha tunaulizana nyufa zimetoka wapi.

Juma hili tuzungumzie maji na nyumba. Si jambo dogo. Wengi wetu tunakumbuka mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998. Oktoba 2019 mvua kubwa ziliharibu barabara na madaraja katika Wilaya za Handeni na Korogwe. Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge mjini Dodoma kwamba watu 155 walikuwa wamekwisha poteza maisha nchini kutokana na mvua za msimu ule. Habari za namna hiyo zinapotangazwa, mawazo yetu hukimbilia kwenye mto uliofurika. Lakini zipo nyumba nyingi ambazo mto haujawahi kuzifikia, na bado kila mwaka zinaliwa na maji. Maji hayo yanatoka wapi?

Yanatoka kwenye bati la mwenye nyumba mwenyewe. Hebu tupige hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Chukua nyumba ya kawaida yenye paa la mita 10 kwa 8, yaani mita za mraba 80. Siku ikinyesha mvua ya milimita 50, ambayo wakati wa masika si ajabu, paa hilo litapokea lita 4,000. Hayo ni mapipa 20 yale ya lita 200, na uzito wake ni tani nne. Kama nyumba haina gata, maana yake ni kwamba mwenye nyumba amemwaga mapipa 10 upande huu wa ukuta na mapipa 10 upande ule, kwa siku moja, karibu kabisa na msingi wake. Hakuna mtu mwenye akili timamu angemruhusu jirani afanye hivyo.

Matone yanayoanguka huchimba udongo. Mwaka wa kwanza huonekana kijifereji tu. Mwaka wa pili jiwe la msingi linachungulia. Mwaka wa tatu msingi unaning'inia, na upande mmoja unapotitia kidogo, ukuta unapasuka. Aidha, tope linaloruka huulowanisha ukuta sehemu ya chini kila mvua inaponyesha. Kwa nyumba ya miti na udongo hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu udongo mkavu hushikana, lakini ukilowa hupoteza nguvu yake, na ile miti nayo huoza pale inapoingia ardhini. Ukuta wa namna hiyo hautoi taarifa. Unaweza kuanguka usiku watoto wamelala, na unaweza kuanguka hata baada ya mvua kukatika, wakati kila mtu anadhani hatari imepita.

Ndugu msikilizaji, kabla ya kumwita fundi ni vyema kujua maji yanaingilia wapi, maana wengi wetu hutibu ugonjwa usiokuwapo. Doa la ukutani likionekana, tunanunua rangi. Baada ya miezi mitatu rangi inabanduka, tunamlaumu fundi. Doa lenyewe huwa linasema limetoka wapi, tukilisoma vizuri. Likianzia juu, karibu na dari, tazama paa. Likizunguka dirisha, tazama fremu na kizingiti chake. Likikua hata wakati wa kiangazi, shuku bomba lililofichwa ukutani. Hapo funga koki zote, soma mita ya maji, kaa saa moja bila mtu kutumia maji, kisha isome tena. Kama imesogea, kuna mahali panapovuja.

Doa likianzia sakafuni na kupanda taratibu hadi usawa wa kiuno, hayo ni maji ya ardhini. Tofali na udongo hunyonya maji kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa. Maji yakifika juu hukauka, lakini huacha ile chumvichumvi nyeupe kama unga, nayo ndiyo inayoisukuma lipu mpaka inabanduka. Kupiga lipu mpya ya saruji juu ya ukuta uliolowa hakusaidii. Maji yakizuiwa kutoka pale, yatapanda zaidi yatafute pa kutokea. Dawa yake ni kuyaondoa maji nje, kwenye mguu wa ukuta. Kwa anayejenga sasa, ni kutandika nailoni nzito au karatasi ya lami juu ya msingi kabla ya kuanza kupanga tofali. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na nyumba nzima, lakini nyumba ikishasimama, kuirudishia ni kazi ngumu.

Tuje kwenye kinga. Wakati wa kiangazi, siku ya jua kali, ingia ndani, funga milango na madirisha, kisha tazama juu ya dari. Kila kitundu kitaonekana kama nyota. Kitie alama kwa chaki. Kumbuka vile vile kwamba tone linaloanguka kitandani si lazima liwe limeingia juu ya kitanda. Maji hufuata papi au kenchi umbali mrefu kabla ya kudondoka. Msumari wa bati hupigwa kwenye mgongo wa bati, wala si kwenye bonde ambamo maji hupita, na uwe na kipira chake. Bati lililoanza kulegea lipigiliwe upya, kwa sababu upepo hupata njia hapo na kulinyanyua lote.

Pili, upenu wa paa utokeze nje ya ukuta, angalau sentimita 60. Wenye nyumba wengi hupunguza upenu ili kuokoa bati mbili tatu, na kumbe ndio mwavuli wa ukuta. Tatu, ardhi kuzunguka nyumba iinamie nje, ishuke kama sentimita tano kwa kila mita, ili maji yaondoke yenyewe. Chimba mtaro umbali wa mita moja hivi kutoka ukutani, na uusafishe kabla ya vuli na kabla ya masika. Mtaro uliojaa mifuko na majani si mtaro tena, ni bwawa.

Nne, gata. Hapa Hale na Handeni zina la kutufundisha. Handeni ni wilaya ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa shida ya maji, kiasi kwamba akina mama wamekuwa wakitembea mwendo mrefu kutafuta ndoo moja. Basi yale mapipa 20 yanayoharibu ukuta siku ya mvua ndiyo yale yale yanayotafutwa kwa jasho wakati wa kiangazi. Gata na tangi, au hata gata na mapipa machache, hufanya kazi mbili kwa mara moja: huokoa ukuta na huleta maji uani. Maji ya kwanza ya msimu yaachwe yapite, kwa kuwa huosha vumbi na kinyesi cha ndege kilichoko juu ya bati. Chombo kifunikwe, kisije kikawa shamba la mbu. Na maji ya kunywa yachemshwe.

Hapa niseme neno juu ya ujirani. Kuelekeza mtaro wako kwenye ukuta wa mwenzako si kutatua tatizo, ni kulihamisha. Kesi nyingi za mtaani zinazofika kwa balozi na kwa mwenyekiti wa mtaa zinaanza hivyo. Maji yanataka njia moja inayokubaliwa na wote, kutoka nyumba ya juu hadi kwenye mfereji wa mtaa, na njia hiyo hupatikana kwa kuzungumza wakati wa jua, si kwa kugombana wakati wa mvua. Na mpangaji naye asiseme nyumba si yake. Mwenye nyumba huenda anaishi mbali, na wewe ndiwe unayeliona tone la kwanza. Mweleze mapema. Ukuta ukianguka, hautamwuliza mtu kama ana hati.

Ziko nyumba, hata hivyo, ambazo gata haitaziokoa, nazo ni zile zilizojengwa kwenye njia ya mto. Mto Pangani hupokea maji kutoka Kilimanjaro na Meru, na hupokea pia mito kama Mkomazi na Luengera. Kwa hiyo mto unaweza kujaa huku chini ilhali mbingu ni nyeupe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Watu huiona kama sheria ya kuwanyima kiwanja. Lakini mto huwa na kawaida ya kurudi mahali pake, hata kama umekaa mbali kwa miaka 20.

Je, maji yakishaingia ndani? La kwanza ni umeme. Kama unaweza kuifikia swichi kuu bila kukanyaga maji, zima. Kama huwezi, kaa nje uwaite TANESCO. La pili, zunguka nyumba kwa nje kabla ya kuingia. Ukuta uliobinuka, ufa mpya au mlango uliokataa kufunguka ni ishara ya kwamba usilale humo, hata kama majirani wanacheka. La tatu, tazama vizuri unapotia mkono, maana nyoka nao hukimbia maji wakaingia ndani ya nyumba.

Kisha toa kila kilicholowa, fungua madirisha, futa tope na osha sakafu kwa maji na sabuni. Maji ya mafuriko hupita kwenye vyoo, kwa hiyo yachukulie kuwa ni machafu hata yakionekana meupe, na kisima kilichoingiliwa kisitumike mpaka kitiwe dawa ya klorini. Usikimbilie kupaka rangi. Ukuta mnene huchukua majuma mengi kukauka, na ukiufunika mbichi utaota ukungu, ambao huwasumbua hasa watoto na wenye pumu.

Nimalizie na gunia la mahindi. Katika nyumba nyingi za Handeni na Korogwe, mavuno hulala chumba kimoja na watu. Mahindi yaliyolowa huota ukungu unaoweza kutoa sumukuvu, sumu ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Haiondoki kwa kupika. Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, na yaliyoota ukungu usile wala usimpe kuku. Kadhalika vyeti na hati viwekwe ndani ya mfuko wa nailoni, mahali pa juu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nadhani waliosema hivyo walikuwa wamekaa wakitazama mvua ikinyesha juu ya nyumba zao. Ufa wenyewe huanza na tone, na tone hutoka kwenye bati tulilolipandisha wenyewe. Basi jua linapowaka, toka nje, zunguka nyumba yako mara moja, na ujiulize swali moja tu: mapipa 20 yakianguka leo hapa, yatapita wapi? Kama huna jibu, maji yatajichagulia njia, na njia yao huenda ikapita chini ya kitanda cha mwanao.

Tukutane tena juma lijalo.