Je, Wajua? Fedha ya Miezi Sita

Je, wajua kwamba ugunduzi uliolitangaza jina la Kigoma duniani ulilipiwa na mtengeneza misumeno? Leighton Wilkie wa Marekani alikuwa na kiwanda cha mashine za kukatia vyuma, na alitamani sana kujua binadamu alianzaje kutumia zana. Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu, alipomwomba msaada wa kuchunguza sokwe, Wilkie alitoa dola 3,000. Hizo ndizo zilizomfikisha Jane Goodall Gombe tarehe 14 Julai 1960, akiwa na miaka 26 na hana shahada hata moja. Fedha ilikuwa ya miezi sita tu. Mwanzoni mwa Novemba alimwona sokwe akichomeka unyasi kwenye kichuguu na kuutoa umejaa mchwa. Baadaye akawaona wakipukutisha majani ya vijiti kwanza, yaani wanatengeneza zana. Ndilo jambo lile lile lililokuwa likimnyima Wilkie usingizi! Mwaka 1961 National Geographic wakaongeza ruzuku, na kazi ya Gombe inaendelea mpaka leo.

Toshisada Nishida naye alianza utafiti wa sokwe Mahale, kusini zaidi mwa mkoa huo huo, mwaka 1965, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyoto mwenye miaka 24. Mahale ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1985.

Turudi Gombe. Je, wajua ni akina nani walioiokoa kazi ya huko? Mei 1975 watu wenye silaha walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Zaire (Kongo ya leo) wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni. Watafiti kutoka nje wakaondoka. Waliobaki msituni na madaftari, wakifuata sokwe kila siku na kuandika, ni wasaidizi wa Kitanzania, akina Hilali Matama. Bila wao kumbukumbu zingekatika. Nalisema hili kila nipatapo nafasi, kwa sababu maandiko ya kuombea ruzuku hayakubeba majina yao, na kijana wa Kasulu anayesoma biolojia anastahili kujua kwamba wazee wa mkoa wake walikuwa wanasayansi kwa vitendo.

Leo jina la kwanza kwenye andiko la ruzuku linaweza kuwa la kijana huyo. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, inasimamia mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE. IFS ya Sweden (Taasisi ya Kimataifa ya Sayansi), iliyoanzishwa mwaka 1972, iliundwa mahususi kwa watafiti chipukizi wa nchi zinazoendelea, na kwa miaka mingi ruzuku yake kwa mtu mmoja ilikuwa na kikomo cha dola 12,000. Wanawake wenye shahada ya uzamivu wanaweza kuomba ruzuku ya OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea lenye makao Trieste, Italia: hadi dola 50,000, kwa sharti la kufanya kazi katika nchi yao. Sharti hilo nalipenda mno.

Je, wajua kwamba mwaka 2006, mjini Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti? Tanzania bado haijafika hapo.

Na maswali ya kutafiti? Hapa kwetu Kigoma hayajapungua. Kibondo na Kasulu zinajulikana kwa malale tangu enzi ya ukoloni. Miaka ya 1930 Waha wengi walihamishwa kutoka vijiji vyao wakakusanywa mahali pamoja ili kuwakimbia mbung'o wanaoeneza ugonjwa huo. Liko pia Bonde la Malagarasi na Muyovozi, eneo oevu la kwanza la Tanzania kuingia orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000.

Kisha muhogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa na H. H. Storey huko Amani mwaka 1936, na kwa miongo mingi wataalamu waliamini haushambulii mashamba yaliyo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia 2004 ukaonekana Uganda, juu ya kimo hicho, na imani ile ikaanguka. Miji ya Kasulu na Kibondo yote iko juu ya mita 1,000. Kuzungukia mashamba, kuchuma majani na kuhesabu inzi weupe wanaoueneza ni kazi ya baiskeli, madaftari na maabara ya kupelekea sampuli. Ruzuku ndogo inaitosha. Ugonjwa wenyewe ni msiri: shina linaweza kusimama vizuri na majani yakawa mabichi, huku ndani ya mzizi kumeoza na kuwa kahawia. Mkulima huujua siku ya kuvuna, kisu kikiwa tayari mkononi.