Jangwani peke yako, nani atakuona ukizidiwa na joto?

Kijana mmoja wa hapa Majengo, mjini Meru, aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa amekonda, midomo imebabuka. Wiki moja kabla alikuwa ameondoka peke yake kwa gari, hema na sufuria nyuma, kwenda kutazama makorongo na jangwa la kaskazini. Alipanga kupitia Isiolo, Archer's Post na Laisamis, kisha South Horr hadi Loiyangalani, ukingoni mwa Ziwa Turkana. Hakufika.

Gurudumu lilipasuka alipokwisha kupita Laisamis, kando ya korongo kavu, yapata saa saba mchana. Alilibadilisha juani. Tangu alfajiri alikuwa akitafuna miraa ili asisinzie. Yaliyofuata hayakumbuki vyema. Mama mmoja mfugaji alimkuta chini ya mgunga, mbali na gari, akiropokwa. Alimmwagia maji aliyokuwa ametoka kuteka kisimani, akampepea kwa shuka hadi watu wengine walipofika. Ndani ya gari la kijana kulikuwa na mtungi wa lita 20, umejaa pomoni.

"Daktari, sikusikia kiu," aliniambia.

Msomaji, neno hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Wanaoniuliza habari za safari za huko huniuliza juu ya simba, nyoka na majambazi. Ni nadra mtu kuniuliza juu ya joto.

Mwili wa mwanadamu hujipoza kwa jasho. Ukifanya kazi kwenye jua kali waweza kupoteza lita moja ya jasho kwa saa, pengine zaidi. Hewa ya jangwani ni kavu, kwa hivyo jasho hukauka kabla hujaliona, nawe wadhani hutoki jasho. Maji yakipungua, damu nayo hupungua, ngozi haipati damu ya kutosha, na joto hubaki ndani. Likipita nyuzi 40, ubongo huanza kuvurugika. Hapo ndipo penye hatari kwa msafiri wa peke yake, kwa maana kiungo ambacho kingemwambia anywe maji ndicho kinachougua. Mgonjwa hujiona mzima. Hukasirika bure, hucheka ovyo, au huliacha gari lenye maji akaanza kutembea.

Najua nikiitaja miraa hapa Meru nitanuniwa, maana imewasomesha wengi wetu. Lakini ndani yake mna kemikali iitwayo kathinoni. Hiyo huupeleka moyo mbio, hupandisha presha na joto la mwili, na huondoa njaa na usingizi. Anayeitafuna akiendesha gari juani huongeza moto huku akizima kengele. Kadhalika, ikiwa unatumia dawa za presha zinazoongeza mkojo, au dawa za maradhi ya akili, mwone daktari wako kabla ya safari. Usiziache kwa shauri lako mwenyewe.

Jirani yangu mmoja, mzee sasa, aliendesha malori ya Moyale miaka ile barabara ya kutoka Isiolo ilipokuwa mawe na vumbi, na magari yakienda kwa msafara. Nilipomsimulia kisa hiki alitikisa kichwa. "Sisi tulikuwa na utingo," alisema. "Ukianza kuongea upuuzi, anakwambia, mzee, simamisha gari." Leo lami imefika Moyale, na njia ya kutoka Laisamis kuelekea ziwani iliboreshwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo. Mtu hujipakia mwenyewe akaenda. Utingo hayupo.

Basi ikiwa ni lazima uende peke yako, tafuta cha kushika nafasi ya utingo. Mimi hushauri saa ya mkononi. Kunywa kwa saa, usingoje kiu: nusu lita kila saa uwapo juani, na zaidi ukifanya kazi. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, au usipoupata tangu asubuhi, simama, tafuta kivuli, unywe. Beba lita 6 za kunywa kwa kila siku ya safari, na za siku mbili zaidi, gari lisije likaharibika. Jasho hutoka na chumvi, kwa hivyo kula chakula chenye chumvi, au tia katika lita moja ya maji vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kati ya saa tano na saa kumi usifanye kazi nzito. Gari likikwama, kaa kwenye kivuli chake, usiondoke.

Tena mwachie mtu nyumbani jina la kila kituo na saa utakayompigia. Simu haishiki kila mahali huko, kwa hivyo mkubaliane angoje kwa muda gani kabla ya kuwaarifu polisi.

Na ukimkuta mwenzio akiropokwa juani, fanya alivyofanya yule mama: mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji, mpepee bila kukoma, huku ukitafuta gari la kumfikisha hospitalini. Asiyejitambua usimtie maji kinywani.

Usiku una yake. Mchanga wa korongo ni laini na hualika hema, lakini mvua yaweza kunyesha kwenye milima ya Ndoto huku juu yako kuna nyota. Septemba 2019 watu saba walisombwa na maji katika korongo la Ol Njorowa, Hell's Gate, karibu na Naivasha. Piga kambi juu ukingoni, mbali na vichuguu, kwa sababu hapo hukaa usubi wanaoeneza kala-azar. Homa yake yaweza kuchelewa miezi kadhaa, kwa hivyo ukiugua baadaye mwambie daktari ulilala wapi.

Kijana wetu anataka kwenda tena, safari hii na binamu yake. Kabla ya hapo atarudi kwangu kupimwa figo mara ya pili, kwa maana joto la namna ile huziumiza, na kipimo cha kwanza hakikunifurahisha.