Bolti Ikigoma, Okoa Chasisi

Landrover 109 ya zamani ikiingia gereji kubadilishwa springi, kazi huanza kwa matumaini. Spana inavishwa kwenye kichwa cha bolti, mpini unaongezewa bomba, fundi anavuta. Bolti inazunguka robo. Anapolegeza mkono, inarudi ilikotoka, taratibu, kana kwamba kuna mtu anaivuta kwa ndani.

Kurudi huko ndiko kunakotoa siri. Kwenye jicho la springi kuna bushi: mpira uliobanwa kati ya mabomba mawili ya chuma, dogo ndani ya kubwa, na bolti hupita katika lile dogo. Kutu ikishaunganisha bolti na bomba hilo, vyote viwili huzunguka kama kitu kimoja, mpira ukajisokota kisha ukajifyatua. Fundi anaweza kuvuta hadi magharibi. Anachokisokota ni mpira tu.

Mwili wa gari hili ni aloi ya aluminiamu. Landrover ya kwanza ilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Ndiyo maana leo mtu hukuta Landrover ya miaka ya 1960 mlango wake ungali mzima, huku chini chasisi ya chuma ikiwa imechakaa, hasa ukanda wa pwani ambako chumvi huharakisha kutu. Na kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Hujitanua ndani ya mwanya mwembamba hadi bolti ikabanwa pande zote.

Mafuta ya kulegeza kutu husaidia pale tu yanapoweza kupenya. Yapakwe mapema, hata siku mbili kabla, na bolti igongwe kidogo kidogo ili yapate njia. Moto nao una kazi yake, lakini mahali pake. Upande wa springi unaoning'inia, bolti hushika vibao viwili vya chuma, na kibao cha ndani kimekatwa hesi kama nati. Chuma kikipashwa, tundu lake hupanuka, halisinyai kama wengi wanavyodhani: tundu la milimita 14 likiongezewa joto la nyuzi 400 hupanuka kwa takribani milimita 0.07. Ni kidogo mno kwa macho, lakini hutosha kuvunja ganda la kutu. Kabla ya kuwasha gesi, ikumbukwe kwamba tangi la petroli la magari haya mara nyingi liko chini ya kiti cha mbele, na mpira wa breki hauko mbali.

Bolti ikigoma hata hapo, ikatwe. Wapo mafundi wanaoona kukata ni kushindwa, wakashika nyundo kubwa. Hapo ndipo hasara inapozaliwa, kwa kuwa pigo linaloikosa bolti huishia kwenye chasisi iliyokwisha kudhoofika. Bolti na bushi ni vitu vya kununua dukani. Chasisi iliyopasuka ni wiki nzima ya kuchomelea. Msumeno wa chuma au grainda upitishwe kati ya kibao na bushi, pande zote mbili, na springi itashuka yenyewe. Lakini kwanza chasisi ikae juu ya stendi imara, ekseli iwe na jeki yake, na asiwepo mtu aliyelala chini ya uzito unaotegemea jeki pekee.

Chasisi nayo ina bushi yake, na bomba la nje la bushi hiyo likibaki ndani linataka mkono mtulivu. Mpira hutobolewa kwa drili na kutolewa, kisha wembe wa msumeno huingizwa tunduni na kukata bomba kwa urefu, pole pole, mpaka ubakie unene wa karatasi. Tindo ndogo ikigongwa kwenye ufa huo, bomba hujikunja kwa ndani na kuachia.

Bolti mpya ipakwe grisi ya shaba mwilini ili fundi ajaye asiteseke. Na isikazwe kabisa gari likiwa hewani. Ikazwe magurudumu yakiwa chini na springi zimebeba uzito; vinginevyo mpira wa bushi utabaki umesokotwa kila gari linaposimama, nao utachanika mapema.