Pensheni Jamii na Nafasi ya Mzee Barazani

Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Unguja, wazee hukusanyika barazani baada ya alasiri. Kahawa chungu inamiminwa kwenye vikombe vidogo, kashata zinapita mkono kwa mkono, na siasa, mpira na habari za misiba vinazungumzwa kwa pumzi moja. Bao likichezwa, mashimo 32 na kete 64, watazamaji nao wana lao la kusema kila mtu anaposogeza kete. Barazani namna hii mzee asipoonekana siku mbili, huulizwa.

Lakini kukaa na watu kuna gharama. Asiye na kitu huona haya kunyweshwa kahawa na wenzake kila siku. Msiba ukitokea, watu hutoa ubani. Mwenye mikono mitupu husingizia miguu inamuuma, akabaki ndani. Upweke wa wazee wengi huanzia hapo, kwenye aibu ya kutokuwa na cha kuchangia.

Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kutoa pensheni jamii: kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 alilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au la. Mvuvi, mchuma karafuu, bibi aliyesuka ukili umri wake wote: hao hawakuwa na kiinua mgongo popote. Baadaye kiwango kilipandishwa hadi 50,000. Pesa hiyo haitoshi kuendesha nyumba, ila inatosha kumrudisha mtu kwenye michango ya mtaani, na kumpa mjukuu hela ya daftari bila kumwomba mtu. Hilo si dogo hata kidogo.

Upweke pia ni suala la afya. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inakadiria kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani ana upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo 871,000 kila mwaka.

Fedha peke yake haimfikii kila mtu. Baraza za nje ni za wanaume zaidi. Bibi hukutana na wenzake uani, kwenye ukili na maulidi, na goti likigoma hata huko hafiki. Wasio na jamaa wana nyumba za wazee za Sebleni na Welezo. Aliye na jamaa wanaoshinda kazini ndiye anayesahaulika: hahesabiwi kuwa mpweke, ilhali anashinda peke yake kutwa. Huyo anahitaji jirani wa kumgongea mlango asubuhi, na sheha anayewajua wazee wa shehia yake anaweza kulipanga hilo bila kusubiri bajeti.