Santuri za babu, spika za masikioni za mjukuu

Jumamosi moja katika nyumba ya ndugu zangu Kilakala, Manispaa ya Morogoro, kijana wa kidato cha pili alikuwa amejilaza kwenye kochi, spika masikioni, macho kafumba. Kiti cha pili alikaa babu yake, baba yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 78. Siku hizi anasahau sana: anasahau funguo, dawa za presha, na mara nyingine hata majina ya wajukuu. Watoto humwamkia, kisha hupita zao.

Nilimuuliza kijana anasikiliza nini.

"Casiopea, shangazi. Bendi ya Japani."

Akachomoa spika ili tusikie wote. Lilikuwa gitaa la solo linalokimbia, besi nyuma yake na kinanda kikijibu. Jazz iliyochanganywa na midundo ya kisasa. Mzee akainua kichwa.

"Wajapani hao? Mbona Mbaraka alikwenda kuwapigia kwao mwaka 70."

Kijana alinitazama, akidhani babu amechanganya mambo tena. Hakuwa amekosea. Mwaka 1970 bendi ya Morogoro Jazz, akiwamo mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, iliiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia ya Expo 70 jijini Osaka, Japani. Miaka mitatu baadaye Mbaraka aliondoka na kuanzisha Super Volcano. Alifariki dunia kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Mwaka huohuo Casiopea walitoa albamu yao ya kwanza.

Mzee akaagiza boksi lililokuwa juu ya kabati lishushwe. Ndani mlikuwa na santuri, nyingi za Morogoro Jazz na Cuban Marimba, bendi iliyoanzishwa mjini humo na Salum Abdallah. Gramafoni ilikufa zamani, hivyo kijana akatafuta nyimbo zilezile mtandaoni. Mzee alizipokea moja baada ya nyingine, kidole kikipiga mkono wa kiti. Alimweleza mjukuu kwamba neno "jazz" katika majina ya bendi zetu halikumaanisha muziki wa Marekani. Ulikuwa muziki wa dansi, rumba ya Kuba na Kongo iliyochanganywa na ladha za nyumbani. "Kama hao wenzako," akasema. "Nao wamechanganya."

Walizungumza karibu saa nzima. Sikumbuki lini nyumba ile ilisikia mazungumzo marefu kiasi hicho kati yao.

Kwa nini muziki?

Watafiti wa kumbukumbu wamebaini kwamba watu wazima hukumbuka zaidi mambo waliyoyapitia takriban kati ya umri wa miaka 10 na 30. Nyimbo za ujana zimo humo, zikiwa zimefungamana na marafiki, safari na mapenzi ya wakati ule. Muziki pia huamsha sehemu nyingi za ubongo kwa pamoja. Ndiyo maana mtu aliyesahau alichokula asubuhi anaweza kuimba wimbo wa miaka 50 iliyopita hadi mwisho.

Hiyo si tiba. Muziki unaweza kumtuliza mgonjwa na kufungua mazungumzo, lakini hauondoi ugonjwa wa kusahau. Mzazi wako akianza kusahau kiasi cha kuvuruga maisha ya kila siku, usiseme "ni uzee tu". Mpeleke hospitali. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona, na hata baadhi ya dawa huweza kuleta hali hiyo, na mengi kati ya hayo yanatibika. Apimwe pia masikio. Usikivu hafifu usiotibiwa ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni.

Na masikio ya kijana?

Hapo ndipo suala linamrudia mjukuu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni moja duniani wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza muziki kwa sauti kubwa. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikishakufa, hazioti tena.

Kwa watu wazima, kiwango salama ni desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa muda huohuo. Nyumbani huna kipimo, lakini unaweza kufanya haya: sauti ya simu isizidi asilimia 60, mtoto apumzishe masikio mara kwa mara, na asilale na spika masikioni. Akilalamika masikio yanavuma, au akianza kuuliza "eti?" kila mara, mpeleke akapimwe.

Njia nyingine nyepesi ni kuchomoa spika hizo kabisa, angalau mara moja kwa wiki. Keti na wazee, waulize bendi waliyoipenda na ukumbi walikochezea, kisha mwache mtoto naye aweke wimbo wake. Usimsahihishe mzee akikosea mwaka. Akionekana kuchoka au wimbo ukimtia simanzi, zima, mwende kwenye jambo jingine.

Baba yangu mkubwa bado anasahau. Jumamosi iliyofuata nilipofika, aliniuliza mara mbili kama nimekula. Jina la mjukuu wake lilikuwa limempotea tena. Akatazama mlangoni, milima ya Uluguru ikiwa imefunikwa na ukungu, akaniuliza: "Yule kijana wa Wajapani, anarudi saa ngapi?"

Boksi la santuri lilikuwa tayari miguuni pake.