Je, Wajua? Wimbi la Bargello halina mshono uliopinda

Blanketi za viraka za mtindo wa Bargello huonekana kujaa mawimbi, ilhali mishono yake yote imenyooka. Mshonaji huunga vitambaa virefu kuanzia rangi iliyokoza hadi iliyofifia, huvikata kwa kukingama kuwa kanda, kisha husogeza kila ukanda juu au chini kidogo ya jirani yake na kuziunga upya. Kanda nyembamba hupandisha wimbi ghafla, pana hulilaza. Huenda mtu akadai maua ya kitambaa ndiyo yanayohadaa macho, lakini vitambaa visivyo na maua hutoa wimbi lile lile, mradi rangi zififie hatua kwa hatua. Ukijaribu, panga rangi kwanza, mkasi usubiri.