Espreso chungu na chachu kwa pamoja: Tatizo huanzia kwenye unga

MTU anayenunua mashine ya espreso kwa matumizi ya nyumbani hutarajia kinywaji kizito, chenye povu la rangi ya kahawia na ladha iliyotulia. Mara nyingi anachokipata katika siku za mwanzo ni kikombe chenye uchachu unaokaza ulimi na uchungu unaobaki kooni, vyote kwa mkupuo mmoja.

Lawama huanza papo hapo. Kahawa ya Kilimanjaro au ya Mbinga iliyonunuliwa kwa fedha nyingi huambiwa ni mbovu, mashine hupelekwa kwa fundi, na fundi naye asipokuwa mwaminifu hubadilisha pampu isiyo na kosa lolote. Chanzo cha tatizo, mara nyingi, kimo ndani ya kichujio, katika unga wenyewe.

Espreso hupatikana kwa kusukuma maji ya moto, yenye nyuzi joto zipatazo 93 za Sentigredi, yapite katika unga ulioshindiliwa. Mgandamizo wake ni bar 9, yaani karibu mara tisa ya ule wa hewa ya kawaida. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni gramu 18 za unga kutoa gramu 36 za kinywaji katika sekunde 25 hadi 30.

Maji yenye nguvu kiasi hicho hayana subira. Yakikuta mahali palipolegea, ufa mdogo au upande wenye unga haba, hukimbilia huko na kuchimba mfereji. Unga ulio kandokando ya mfereji huo huoshwa kupita kiasi na kutoa uchungu, ilhali uliobaki hauguswi vya kutosha na huacha uchachu. Muuza kahawa wa Kariakoo na dele lake juu ya mkaa hana shida hiyo, kwani unga wake wote huchemka pamoja na maji kwa muda mrefu.

Dalili huonekana kwa macho. Kinywaji hugeuka rangi ya njano mapema, hutiririka kwa kasi ya ghafla, au mrija mmoja hutoa zaidi ya mwenzake. Kishikio kisicho na kitako hufichua zaidi, kwa kuwa vijito vyembamba huruka pembeni na kuchafua meza.

Hapo ndipo wengi hupotoka. Wakiona kinywaji kinatoka haraka, husaga kahawa laini zaidi. Dawa hiyo hufaa pale ambapo ladha ni chachu tu. Uchungu ukiwamo, kusaga laini huweza kuongeza ugonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Matter, ambao Christopher Hendon wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, alikuwa miongoni mwa waandishi wake, ulionyesha kuwa ukipita kiwango fulani cha ulaini, kahawa inayoyeyuka katika maji hupungua badala ya kuongezeka, kwa sababu maji hayapiti tena kwa usawa. Watafiti hao walipendekeza kusaga kwa chenga kubwa kidogo na kutumia unga mchache.

Matibabu ya kwanza ni kuvunja mabonge. Mwaka 2005, Mmarekani John Weiss alieleza njia ya kukoroga unga ndani ya kichujio kwa sindano nyembamba kabla ya kuushindilia. Njia hiyo hutumika hadi leo, na sindano chache zilizochomekwa kwenye kizibo cha chupa zinatosha. Hakuna haja ya kununua kifaa cha bei ya kutisha.

Kisha unga husawazishwa na kushindiliwa mara moja kwa mkono ulionyooka. Nguvu si hoja kubwa kama unyoofu. Kugonga kishikio pembeni baada ya kushindilia ni kosa, kwa kuwa unga huachana na ukuta wa kichujio na kuacha upenyo kwa maji. Kichujio nacho kiwe kikavu, na unga usijazwe hadi kugusa wavu wa juu.

Aidha, kahawa iliyokaangwa jana bado ina gesi nyingi, nayo husukumana na maji. Kuiacha ipumzike wiki moja husaidia.

Ipo tahadhari moja. Mashine nyingi za bei nafuu huja na kichujio cha kuta mbili chenye tundu moja dogo chini. Tundu hilo hutengeneza povu hata unga ukiwa mbovu, hivyo povu zuri hapo si ushahidi wa kazi nzuri.

Kabla ya kumwita fundi, mwenye mashine achunguze mfereji unatokea wapi. Ukihamahama kila siku, unga haukusambazwa sawasawa. Ukitokea upande uleule daima, huenda mkono unashindilia kwa kuinama, meza imelala upande, au wavu wa juu umeziba kwa mafuta ya kahawa. Wavu huo, katika mashine nyingi, hufunguliwa kwa bisibisi, ukasuguliwa na kurudishwa. Hali ikibaki vilevile baada ya hayo yote, basi fundi aitwe.